Sentensi nne za Carol Burnett: udaku unavyonunuliwa, unavyozikwa na unavyofutwa

Tarehe 2 Machi 1976, gazeti la wiki la Marekani liitwalo National Enquirer lilichapa sentensi nne katika safu yake ya porojo za watu maarufu. Zilieleza kwamba mchekeshaji Carol Burnett, akiwa katika mgahawa mmoja wa Washington, alizozana kwa kelele na Henry Kissinger, waziri wa mambo ya nje wa wakati huo. Kwamba alizunguka meza hadi meza akiwaonjesha watu kitindamlo chake. Kwamba alimmwagia mteja mmoja mvinyo, akaangua kicheko badala ya kuomba samahani. Na kwamba mteja huyo naye akamlowesha gauni kwa maji. Neno ulevi halimo. Msomaji aliachiwa alitie mwenyewe.

Burnett alikuwa binti wa wazazi wawili walioharibiwa na pombe, na alikuwa akishiriki hadharani katika kampeni za kupinga ulevi. Alifungua kesi. Ilisikilizwa Los Angeles mwaka 1981, na rufaa ikaamuliwa mwaka 1983. Hukumu hizo zimehifadhi mambo ambayo chumba cha habari huyafunika siku zote: nani alileta dokezo, nani alitumwa kulihakiki, alirudi na nini, na baada ya malalamiko gazeti liliandika nini ili kujinasua. Msomaji wa magazeti pendwa, kama tunavyoyaita Tanzania, huona ncha mbili tu za kamba hiyo: kichwa cha habari chenye wino mwekundu leo, na kiboksi cha "tunaomba radhi" mwezi ujao. Katikati kuna biashara yenye bei, mikataba na siku za mwisho, na humo ndimo inamoamuliwa kama kiboksi kile kitamsaidia mtu au la.

Nani anauza

Muuzaji wa kawaida kabisa ni mtu aliyekuwa mahali pale kwa ajili ya kazi yake: mhudumu wa mgahawa, bawabu, dereva, msusi, mlinzi wa klabu. Anachouza ni dokezo, yaani jambo moja aliloliona kwa macho, na thamani yake hushuka kila saa inavyopita kwa sababu watu wengine nao waliliona. Anayepata fedha nzito ni mtu wa ndani: mpenzi wa zamani, ndugu, mfanyakazi wa nyumbani. Yeye anauza maisha aliyoishi na staa, na mara nyingi anauza pamoja na picha na jumbe za simu.

Kuna pia wapashaji wa kujitegemea, wanaoishi kwa kuzungukia hafla na kupiga simu kwenye madawati ya magazeti. Dokezo la Burnett lilitoka kwa mtu wa aina hii. Juu yao wako mawakala, ambao Uingereza ilimjua mmoja kuliko wote, Max Clifford. Wakala huchukua asilimia ya malipo, lakini kazi yake kubwa ni kushindanisha magazeti mawili kwa habari moja, jambo ambalo bawabu hawezi kulifanya kwa sababu hajui ampigie nani na aseme nini kwanza.

Muuzaji wa mwisho husahaulika: staa mwenyewe. Tarehe 13 Machi 1986, The Sun la London lilitoka na kichwa kikubwa kwamba mchekeshaji Freddie Starr amekula hamsta (panya mdogo wa kufugwa) wa rafiki yake. Haikuwa kweli. Clifford, aliyekuwa akimwakilisha Starr, aliiacha ipite kwa sababu mteja wake alikuwa na maonyesho ya kuuza. Uongo ambao mhusika ameukubali hauna mdai, na ndiyo maana habari nyingi za uongo hazifutwi kamwe. Ukisoma kwamba "watu wa karibu" na msanii wameeleza jambo linalompendeza msanii huyo, una sababu nzuri ya kudhani kwamba limetoka kwake.

Muuzaji anayehatarisha zaidi ni yule ambaye kazi yake inamfunga kutunza siri. Mwigizaji Farrah Fawcett alipokuwa akitibiwa saratani katika hospitali ya chuo kikuu cha UCLA, habari za ugonjwa wake zilikuwa zikiishia National Enquirer. Kulipokuja taarifa mpya kuhusu hali yake, yeye na daktari wake waliizuia isiwafikie hata jamaa na marafiki. Ikachapwa vilevile, na hapo ikajulikana kwamba inatoka hospitalini. Mfanyakazi aliyechungulia faili alikuwa amepokea dola 4,600 kupitia akaunti ya mumewe. Alishtakiwa mwaka 2008 akakiri kosa. Uingereza, tangu sheria ya rushwa ya mwaka 2010 ianze kutumika, kumlipa polisi au askari magereza kwa ajili ya dokezo ni njia ya haraka ya kupeleka watu wawili jela: aliyepokea na mwandishi aliyelipa.

Bei na mkataba

Bei hupangwa na vitu vichache: ukubwa wa jina, ushahidi ulio mkononi, kama gazeti jingine halina habari hiyo, na ukurasa itakapokaa. David Pecker, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya AMI iliyomiliki National Enquirer, alieleza chini ya kiapo New York mwezi Aprili 2024 kwamba wahariri wake hawakuruhusiwa kutumia zaidi ya dola 10,000 kwa habari moja bila kumwuliza, na kwamba kwa gazeti linalouzwa kwenye foleni ya malipo ya duka kubwa, jalada ndilo kila kitu. Mteja anaamua ndani ya sekunde chache akiwa amesimama na kikapu mkononi. Hivyo habari nzuri isiyofaa jaladani ina bei ndogo, na habari hafifu yenye jina linalotosha jalada ina bei kubwa. Hapo ndipo makosa mengi huanzia, kwa sababu anayetafuta jalada tayari ameshaona kichwa cha habari akilini kabla hajauliza kama jambo lilitokea.

Muuzaji asiye na uzoefu hupoteza mali yake kwenye simu ya kwanza: anasimulia yote. Jambo likishasikika, dawati linaweza kulitafuta kwa njia nyingine bila kumlipa. Mzoefu hutaja jina, aina ya jambo na aina ya ushahidi, kisha anasubiri karatasi.

Karatasi hiyo huwa na vifungu vinavyofanana karibu kila mahali. Muuzaji anaahidi kwamba anayosema ni ya kweli; kwamba hatampa mtu mwingine; kwamba atasaini hati ya kiapo na kuja mahakamani akihitajika; mara nyingine kwamba atakubali kupimwa kwa mashine ya kutambua uongo. Gazeti, kwa upande wake, linaahidi kulipa habari ikishachapwa. Kifungu hicho cha mwisho ndicho kinachowaumiza watu. Habari ikikaa wiki sita kwa sababu wakili wa gazeti hajaridhika, muuzaji hana kitu na amefungwa asiende kwingine. Ikitoka ukurasa wa 14 badala ya wa 1, malipo hushuka.

Hata ikitoka ukurasa wa kwanza hayuko salama. Mwaka 2008 News of the World la London lilichapa habari ya faragha ya Max Mosley, kiongozi wa shirikisho la mbio za magari, kwa kumtegemea mwanamke mmoja aliyerekodi kwa siri. Aliahidiwa pauni 25,000. Alilipwa 12,000. Kesi ilipofika, gazeti halikumwita kutoa ushahidi, na Mosley akashinda fidia ya pauni 60,000. Wakili yeyote wa gazeti anaijua hatari hiyo: shahidi aliyelipwa huanza kesi akiwa na doa, na shahidi aliyepunjwa ana doa na kinyongo.

Kuhakiki, na pale kunapovunjika

Kuhakiki udaku si kazi ya ajabu. Unaanza na tarehe na mahali, kwa sababu hivyo ndivyo vitu rahisi kukanushwa: je, mtu huyu alikuwa katika mji huu siku hiyo? Kisha unatafuta karatasi au picha. Kisha mtu wa pili aliyekuwepo, ambaye hakusikia habari kutoka kwa yule wa kwanza. Watu watatu waliosimuliwa na mtu mmoja ni chanzo kimoja. Mwisho unampigia mhusika.

Mwezi Februari 1987 The Sun lilianza mfululizo wa tuhuma nzito dhidi ya Elton John kwa kumtegemea kijana aliyelipwa. Siku iliyotajwa, mwanamuziki huyo alikuwa New York, na gazeti shindani, Daily Mirror, lilionyesha hivyo mara moja. The Sun liliongeza habari nyingine badala ya kusimama, ikiwemo ile ya mwezi Septemba kwamba mbwa wake wa ulinzi walikatwa koo wasibweke. Mbwa walibweka mbele ya kila aliyekwenda kuwatazama. Baadaye kijana yule alikiri kwamba alitunga. Tarehe 12 Desemba 1988 ukurasa wa kwanza wa The Sun ulimwomba radhi Elton kwa herufi kubwa kabisa, na gazeti likalipa pauni milioni 1.

Muuzaji anapogeuka hivyo, gazeti hubaki uchi kuliko kama lisingemlipa kabisa. Kwa sheria ya Uingereza mchapaji ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba alichoandika ni kweli. Marekani mzigo uko upande wa mlalamikaji, na akiwa kiongozi wa umma, tangu uamuzi wa kesi ya New York Times dhidi ya Sullivan mwaka 1964, au mtu maarufu, tangu mwaka 1967, anatakiwa aonyeshe kwamba gazeti lilijua ni uongo au halikujali kama ni kweli. Huo ni mlima. Watu wachache wanaoupanda husaidiwa na faili za gazeti lenyewe, na Burnett alikuwa mmoja wao.

Mpashaji aliliambia gazeti kwamba Burnett aligawa kitindamlo kwa mbwembwe, akaongeza habari ya mvinyo na maji ambayo hakuwa ameihakiki, na akasisitiza kwamba hakuwa amelewa. Mwandishi wa safu hakutosheka, akamtuma mwenzake kuhakiki. Mwenzake alirudi na mambo mawili: ndiyo, aliwaonjesha watu kitindamlo, na mazungumzo yake na Kissinger yalikuwa ya kirafiki. Ugomvi haukuthibitika, wala mvinyo, wala maji. Mahakama ilipoyaweka maelezo hayo kando ya sentensi nne zilizochapwa, swali la kama gazeti lilijua lilijijibu.

Angalia pia kwamba kosa kubwa halikuwa la mpashaji. Aliyelipwa kwa dokezo hakutaja ugomvi wowote na Kissinger, na habari ya mvinyo aliitoa kama uvumi tu. Chumba cha habari ndicho kilichoongeza chumvi. Tunapenda kumlaumu mbeya, lakini kumbukumbu hizi zinamwonyesha mhariri mwenye nafasi tupu ya kujaza kabla ya mtambo kuwashwa.

Uvivu wa kupiga simu moja hutosha kuleta hasara. Mwezi Machi 2009 watengenezaji wa filamu ya uchunguzi walipiga simu kwenye magazeti ya London wakiyapa habari walizozitunga. Moja ilisema nywele za mwimbaji Amy Winehouse zilishika moto kwa hitilafu ya umeme kwenye sherehe. Ilichapwa, kisha magazeti mengine yakainakili, kila moja likiamini kwamba lile la kwanza lilihakiki. Kunakili si kinga: kisheria anayerudia kashfa ameisema upya, na "inadaiwa" au "kwa mujibu wa gazeti fulani" halimwokoi.

Kuhusu kumpigia mhusika, magazeti yana sababu ya kuogopa ambayo haisemwi sana: ukimpa taarifa, anaweza kukimbilia kwa jaji kupata zuio. Mosley alipeleka shauri Strasbourg akitaka magazeti yalazimishwe kutoa taarifa kabla ya kuchapa habari za faragha, na mwezi Mei 2011 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikakataa kuweka sharti hilo. Kwa hiyo simu ya mwisho, ile ambayo ingegundua makosa mengi, ndiyo ambayo gazeti lina kishawishi cha kutoipiga.

Kununua ili kuzika

Si kila habari inayonunuliwa inanunuliwa ichapwe. Mkataba uleule wa kutompa mwingine, ukiondolewa nia ya kuchapa, unageuka kaburi: gazeti linalipa, linamiliki, linanyamaza. Waandishi wa Marekani wana neno lao kwa mchezo huo. Kwa Kiswahili tuseme wazi tu kwamba ni kununua na kuzika.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa AMI na uchaguzi wa 2016. Mwezi Agosti 2015 Pecker alikubali, kwa maelezo yake mwenyewe mahakamani, kuwa macho na masikio ya kampeni ya Donald Trump. Miezi michache baadaye kampuni ilimlipa bawabu mmoja dola 30,000 kwa madai kuhusu Trump ambayo yenyewe baadaye iliyaona si ya kweli. Mkataba wake ulirekebishwa: malipo yakatolewa bila kusubiri habari ichapwe, akafungwa bila kikomo cha muda, na akivunja ahadi alipe dola milioni 1. Aliachiliwa baada ya uchaguzi. Mwezi Agosti 2016 mwanamitindo Karen McDougal alilipwa dola 150,000 kwa simulizi ya uhusiano ambao Trump ameukana, akiahidiwa pia makala na majalada ya magazeti ya afya na mazoezi ya kampuni hiyo. Sehemu hiyo ya makala na majalada ilifanya karatasi ionekane kama mkataba wa kazi ya kawaida.

Kuzika kuna udhaifu wake: malipo huacha nyayo. Siku chache kabla ya kura, Wall Street Journal liliandika kuhusu mkataba wa McDougal. AMI ilikiri kwa waendesha mashtaka mwaka 2018 ili isishtakiwe, McDougal alifungua kesi akaachiliwa mwaka huohuo, na mwaka 2021 tume ya uchaguzi ikaitoza kampuni faini ya dola 187,500. Anayeuza habari yake anapaswa kusoma mstari mmoja kuliko yote: je, mkataba unaeleza nini kitatokea wasipochapa? Kama umekaa kimya, au unawapa haki milele, ameuza ukimya wake kwa bei ya habari.

Kufuta

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na kosa la kwanza ni hasira ya kupiga simu. Malalamiko yenye nguvu yako kwenye maandishi. Yanataja gazeti, tarehe na ukurasa. Yananukuu maneno yaleyale yanayolalamikiwa. Yanaeleza kila neno lina kosa gani na ushahidi wake. Na yanasema linatakiwa tangazo gani, mahali gani, kabla ya siku gani. Kabla ya yote unahifadhi nakala: ukurasa mzima wa karatasi, na kwa habari ya mtandaoni picha ya skrini inayoonyesha anwani, saa na picha iliyoambatanishwa, kwa sababu kichwa cha habari cha mtandaoni hubadilishwa kimyakimya ndani ya saa moja.

California ina sheria mahususi, na imebana muda. Mlalamikaji ana siku 20, tangu alipojua, kudai kwa maandishi masahihisho. Gazeti lina wiki 3 kuyachapa, mahali panapoonekana sawa na habari ya awali. Likifanya hivyo, linaponea sehemu kubwa ya fidia; mlalamikaji anabaki na hasara ya fedha anayoweza kuionyesha kwa hesabu. Asipodai kwa wakati, anabaki palepale. Kinga hiyo iliwekwa kwa sababu gazeti la kila siku hukimbizana na saa na linaweza kukosea bila ubaya.

National Enquirer lilitaka kujificha humo. Mahakama zilikataa: matoleo yake yaliandaliwa wiki 1 hadi 3 kabla, kwa hiyo haraka inayosamehewa haikuwepo. Tangu Januari 2016 sheria hiyo inataja wazi machapisho ya habari ya kila siku na ya kila wiki, ya mtandaoni yakiwemo.

Na kanusho lenyewe? Lilitoka tarehe 8 Aprili 1976, siku 37 baada ya habari. Lilisema kwamba gazeti liliripoti kimakosa ugomvi wa Burnett na Kissinger na kelele zilizosumbua wateja. Kwamba wanaelewa mambo hayo hayakutokea. Na kwamba wanasikitika kama habari hiyo ilimletea fedheha. Lisome tena. Mvinyo uko wapi? Maji yako wapi? Kitindamlo cha meza hadi meza? "Tunaelewa" si "tumehakiki". Na "kama ilimletea" inamwachia yeye jukumu la kuumia. Jaji alisema kanusho hilo lilikuwa la kukwepa, pungufu, na halitoshi kisheria kwa kipimo chochote.

Kanusho linalotosha lina viungo vyake. Linataja habari ya awali na tarehe yake ili msomaji ajue ni ipi. Linarudia tuhuma kwa ufupi wa kutosha kueleweka bila kuipamba upya. Linasema moja kwa moja kwamba si kweli, na kama ukweli unajulikana linauweka badala yake. Linaomba radhi bila "kama". Linakaa pale habari ilipokaa. Kila kiungo hicho hupiganiwa neno kwa neno na mawakili, siku nzima kwa sentensi mbili, na kinachotoka mara nyingi kinaonyesha nani alikuwa na nguvu.

Mwaka 2011 jarida la Star, la kampuni hiyohiyo ya AMI, liliweka jaladani maneno yaliyomwonyesha mwigizaji Katie Holmes kama mtumwa wa dawa. Ndani, makala ilizungumzia mambo mengine. Alidai dola milioni 50. Katika suluhu, jarida lilisema vichwa vyake "vingeweza kusomwa" kuwa vinadokeza uraibu wa dawa za kulevya, likaomba radhi kwa kutoeleweka vizuri, na likaahidi mchango kwa shughuli za hisani. Aliyeandika "vingeweza kusomwa" aliijua kazi yake: kosa limehamishwa kutoka kwenye kalamu hadi kwenye jicho la msomaji.

Jalada na mwili wa makala kupingana ni ugonjwa wa kudumu wa biashara hii, na nchi mbili zinautibu tofauti. Mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani, mwaka 1998, katika kesi ya Kato Kaelin, aliyekuwa shahidi katika kesi ya mauaji ya O.J. Simpson, iliamua kwamba kichwa cha habari cha jaladani kinaweza kuwa kashfa peke yake hata kama ukurasa wa 17 unaeleza vingine. Uingereza, tangu uamuzi wa House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya wakati huo, katika kesi ya Charleston mwaka 1995, kichwa na picha husomwa pamoja na makala nzima. Naona Wamarekani wako karibu zaidi na ukweli wa msomaji: anayesimama kwenye kibanda cha magazeti husoma vichwa na kuondoka.

Tena maana inayohukumiwa ni ile ambayo msomaji wa kawaida anaielewa, hata isipoandikwa. Anayeijua taarabu ya mipasho hahitaji kufundishwa hili. Mlengwa na watazamaji wote wanajua nani anaimbwa. Kuficha jina, au kuandika "staa mmoja mwenye gari jekundu", hakuokoi kama wanaomjua watamtambua.

Uingereza haina wiki 3 za California, lakini ina njia ambayo kwa maoni yangu ni bora: sheria ya kashfa ya mwaka 1996 inamruhusu mchapaji kutoa kwa maandishi pendekezo la kurekebisha, yaani masahihisho, radhi na fidia pamoja, kabla hajawasilisha utetezi mahakamani. Akifanya mapema na kwa moyo mkunjufu, jaji hupunguza fidia. Mwigizaji Jimmy Nail alipolidai News of the World, punguzo lilifika nusu. Mlalamikaji naye asilale: ana mwaka 1 tu wa kufungua kesi, na tangu sheria ya mwaka 2013 lazima aonyeshe madhara makubwa kwa jina lake. Asiyetaka mahakama anaweza kwenda IPSO, chombo cha kusimamia maadili kilichoanza Septemba 2014. Muda ni miezi 4 tangu kuchapwa, na hadi 12 kama habari bado iko mtandaoni.

Wakati mwingine radhi huchukua sura isiyotarajiwa. Mwigizaji Philip Seymour Hoffman alipofariki mwezi Februari 2014, National Enquirer lilichapa mahojiano na rafiki yake, mwandishi wa tamthilia David Bar Katz. Katz hakuwa amehojiwa. Mwandishi alizungumza na mtu mwingine aliyejifanya yeye. Katz aliliondoa shauri lake kwa sharti kwamba gazeti lilipie tangazo la ukurasa mzima katika New York Times likieleza kosa, na lifadhili tuzo ya dola 45,000 kwa mwaka kwa waandishi wa tamthilia. Tangazo lilitoka ndani ya mwezi uleule. Kasi hiyo, pamoja na kuchapwa katika gazeti ambalo watu waliomfahamu Katz wanalisoma, ndiyo iliyofanya kazi.

Mtandaoni tatizo ni nakala. Gazeti likifuta ukurasa wake, blogu 40 zilizonakili zinabaki. Ndiyo maana kufuta kabisa si lazima kuwe chaguo bora. Ukurasa ukiachwa na kanusho juu kabisa, kabla ya aya ya kwanza, anayefuata kiungo kutoka kwingine anakutana na ukweli; ukifutwa anakutana na ukurasa mtupu na kuamini kwamba kuna kitu kimefichwa. Kila aliyenakili aandikiwe barua yake mwenyewe, na kanusho la gazeti mama liambatanishwe.

Kwetu Afrika Mashariki njia zipo. Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa mwaka 1995, husuluhisha malalamiko dhidi ya vyombo vya habari bila gharama za mahakama. Nchini Kenya, ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kusahihishwa au kufutwa kwa taarifa za uongo au za kupotosha zinazomhusu, na kuna tume ya malalamiko chini ya Baraza la Habari. Kinachokosekana mara nyingi ni barua ya kwanza iliyoandikwa vizuri na mapema.

Jopo la raia walioamua kesi ya Burnett lilimpa dola milioni 1.6. Jaji alizipunguza hadi 800,000, na mahakama ya rufaa ikazishusha hadi 200,000 au kesi isikilizwe upya kuhusu fidia ya adhabu, yaani ile inayotozwa kumwadhibu mkosaji. Mwishowe pande mbili zikamalizana. Sehemu ya fedha hizo aliipeleka Chuo Kikuu cha Hawaii, ukaanzishwa mfuko wa kufundisha waandishi wa habari maadili ya kazi yao.